James Forten, Mshona Matanga wa Philadelphia

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani tunawaletea habari za mtu ambaye wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Jina lake ni James Forten. Alikuwa mtu mweusi, mfanyabiashara wa mjini Philadelphia, Marekani, na mzee wa kanisa katika usharika wa kwanza wa watu weusi katika Kanisa la Episkopali la nchi ile, ambalo ni sehemu ya Ushirika wetu wa Anglikana. Alifariki mwaka 1842, miaka zaidi ya 20 kabla utumwa haujakomeshwa Marekani.

Tumependa kumfuata kwa njia isiyo ya kawaida kidogo, yaani kwa kupitia vitabu vya anwani vya mji wake. Miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilikuwa na desturi ya kupiga chapa, karibu kila mwaka, kitabu chenye majina ya wenye nyumba na wenye kazi, kwa kufuata alfabeti. Kila mmoja alipewa mstari mmoja: jina, kazi, mtaa na nambari ya nyumba. Mwenye meli aliyetaka fundi, au mgeni aliyemtafuta mwenyeji wake, alifungua kitabu na kumwona. Ni kama kitabu cha simu tulichokizoea, ila kilitangulia simu kwa karibu miaka 100.

Philadelphia ilipata vitabu vyake viwili vya kwanza katika mwaka mmoja, 1785. Kimoja kilitungwa na Francis White, na kingine na John Macpherson, nahodha mzee. Macpherson alipita mlango kwa mlango akiuliza majina, na kitabu chake kinatuchekesha hadi leo, kwa sababu wako watu waliokataa kujitaja, naye akayaandika majibu yao ya ukaidi mahali pa majina. Mama mmoja aliandikwa tu kuwa ni mwanamke mkali. Watu wale hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mwenye kukuandika kitabuni anaweza kukutafutia mteja, na anaweza pia kukutafutia mtoza kodi. Jambo hili tulikumbuke, maana litaturudia katika maisha ya Bwana Forten.

Mwaka huohuo wa 1785 kijana James Forten, mwenye umri wa miaka 18, alirudi kutoka London na kuanza kazi ya kushona matanga. Kabla ya hapo alikuwa ameona mengi kuliko wazee wengi.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 2 Septemba 1766, mtoto wa watu huru. Baba wa babu yake alikuwa ameletwa kutoka Afrika akiwa mtumwa, na babu yake ndiye aliyejikomboa. Baba yake, Thomas, alishona matanga katika karakana ya mzungu mmoja aliyeitwa Robert Bridges. James alisoma muda mfupi katika shule ya watoto weusi iliyoanzishwa na Anthony Benezet, mtu wa dhehebu la Wakweka. Lakini baba alifariki James angali mtoto mdogo, na ilimbidi kuacha masomo na kufanya kazi dukani ili kumsaidia mama yake.

Vita vya Wamarekani kupigania uhuru wao kutoka kwa Uingereza vilipokuwa vikiendelea, James alijiandikisha, mwaka 1781, katika meli iitwayo Royal Louis. Hii ilikuwa meli ya watu binafsi iliyopewa kibali cha kuteka meli za adui. Kazi ya James, mvulana wa miaka 14, ilikuwa kupeleka baruti kwenye mizinga. Safari ya kwanza walishinda. Safari ya pili walitekwa na meli ya Kiingereza iitwayo Amphion.

Hatari ya mtu mweusi aliyetekwa haikuwa kifungo tu. Wengi wao walipelekwa visiwa vya West Indies na kuuzwa utumwani. James aliokolewa na mchezo wa gololi. Nahodha wa Amphion alikuwa na mwanawe melini, James akawa mwenzake wa kucheza, na wavulana hao wawili wakapatana sana. Nahodha akamwahidi James kwamba akikubali kwenda Uingereza atasomeshwa. James alikataa, akisema hawezi kuisaliti nchi yake. Basi akapelekwa katika meli ya wafungwa iitwayo Jersey, iliyotia nanga katika maji ya Brooklyn, New York, mahali ambapo maelfu walikufa kwa njaa na maradhi.

Alikaa humo miezi saba. Siku moja alipata nafasi ya kutoroka kwa kujificha ndani ya sanduku la nguo la afisa mmoja aliyekuwa akibadilishwa na mfungwa mwingine. Nafasi hiyo aliitoa kwa mvulana mzungu aliyeitwa Daniel Brewton, aliyekuwa mdogo kuliko yeye na ambaye afya yake ilikuwa imekwisha. James mwenyewe alisaidia kulibeba sanduku. Brewton akawa rafiki yake maisha yote. Baadaye James naye aliachiliwa katika kubadilishana wafungwa, akaenda kwa miguu kutoka New York kuelekea kwao, sehemu kubwa ya njia bila viatu.

Alisafiri tena mwaka 1784, safari hii kwenda London, akafanya kazi huko kwa muda wa kama mwaka mmoja, kisha akarejea na kuingia katika karakana ya Robert Bridges, ileile aliyofanyia kazi baba yake.

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kuelezwa kazi ya tanga ni nini. Walakini tanga la meli kubwa ya bahari kuu ni jambo jingine kwa ukubwa. Meli moja yenye milingoti mitatu huhitaji matanga mengi ya namna mbalimbali, yote ya kitambaa kizito cha maradufu, yakikatwa kwa vipimo na kushonwa kwa mkono. Fundi hutandaza kitambaa sakafuni, kwa hiyo karakana yake huwa ghorofani, chumba kikubwa kisicho na nguzo katikati. Akikosea kukata, meli haiendi vizuri; mshono ukiwa dhaifu, tanga hupasuka siku ya dhoruba, na watu hufa. Mwenye meli hampi kazi hiyo mtu asiyemwamini.

Bridges alimwamini. Kwa muda mfupi kijana akawa msimamizi wa karakana, juu ya mafundi weusi na weupe. Mwaka 1798 Bridges aliacha kazi, na James Forten akaichukua biashara akiwa na umri wa miaka 32. Hata mwanawe mmoja alimwita Robert Bridges, na mwingine akampa jina la mfanyabiashara Thomas Willing Francis, aliyekuwa mmoja wa waliomsaidia.

Kuanzia hapo tunaweza kumfuata vitabuni. Mwaka baada ya mwaka yumo, katika herufi ya F, mshona matanga. Karakana yake iko nambari 95 kwenye magati ya kusini, kando ya Mto Delaware. Nyumba yake, tangu alipoinunua mwaka 1806, iko nambari 92 mtaa wa Lombard. Majirani wanakuja na kuondoka, biashara zinafunguliwa na kufungwa, vita vya mwaka 1812 vinakuja na kupita, na wachapaji wa vitabu wenyewe wanabadilika. Mstari wa Forten unabaki.

Anayetaka kufanya utafiti wa namna hii lazima awe na subira. Mwaka 1857 mji wa Philadelphia ulibadilisha nambari za nyumba zake, na anayeitafuta nambari 92 ya zamani hawezi kuiona kwa nambari hiyo. Leo nyumba ya Forten ni nambari 336 mtaa wa Lombard, na mbele yake kimesimamishwa kibao cha kumbukumbu. Tena kitabu cha anwani hakimtaji kila mtu. Wanawake wengi hawamo, isipokuwa wajane na wenye biashara zao. Wanagenzi na vibarua wengi hawamo. Kwa hiyo kitabu hulinganishwa na hati za ardhi, orodha za kodi na vitabu vya kanisa, ndipo mtu aonekane mzima.

Vitabu hivyo vina jambo jingine. Katika kitabu cha mwaka 1811 kilichopigwa chapa na Jane Aitken, watu weusi waliwekwa katika sehemu ya peke yao. Katika vitabu vingine vya miaka ile waliachwa ndani ya alfabeti, ila kando ya jina la kila mtu mweusi palitiwa alama ndogo mfano wa msalaba. Mteja aliyefungua kitabu aliona kwanza alama, ndipo akaona kazi. Mtu anaweza kuwa fundi hodari kuliko wote gatini, na bado mchapaji akaona kwamba la kwanza la kumwambia msomaji ni rangi yake.

Hatari iliyozidi hiyo ilikuja mwaka 1813. Wakati huo Bunge la Jimbo la Pennsylvania lilizungumzia muswada wa kuwazuia watu weusi kuingia katika jimbo hilo. Waliokuwamo wangepaswa kuandikishwa, na asiyeweza kuonyesha cheti cha kuandikishwa angeweza kukamatwa na kufungwa. Msomaji ataona tofauti. Kitabu cha anwani kilimwandika mtu ili atafutwe kwa kazi. Daftari hili lingemwandika ili awindwe. Forten aliandika barua tano bila kutia jina lake, zikapigwa chapa katika kijitabu na kusomwa sana. Hoja yake ilikuwa kwamba katiba ya jimbo ilitangaza watu wote kuwa wamezaliwa huru na sawa, na haikusema weupe tu. Na kwamba si haki mtu mwema aadhibiwe kwa makosa ya mwenye rangi kama yake. Muswada ule haukupita.

Mwaka uliofuata, Waingereza walipotishia kuushambulia mji, Forten pamoja na makasisi Absalom Jones na Richard Allen waliwakusanya watu weusi wapatao 2,500 kwenda kuchimba maboma. Walewale waliotaka kufukuzwa ndio waliokwenda kuulinda mji.

Hapa yatupasa kulitaja kanisa lake. Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa na baadaye kupata uhuru wake, aliongoza watu weusi waliochoshwa na kutengwa katika viti vya kanisa la wazungu. Mwaka 1794 walifungua Kanisa la Mtakatifu Tomaso la Waafrika, nalo likapokelewa katika Kanisa la Episkopali. Jones akawa shemasi mwaka 1795, na baadaye kasisi, mtu mweusi wa kwanza kupata daraja hiyo Marekani. Forten alikuwa miongoni mwa wazee wa kwanza wa usharika huo, akasaidia mambo ya fedha na majengo. Usharika huo upo hata leo mjini Philadelphia, na Kanisa la Episkopali humkumbuka Absalom Jones kila tarehe 13 Februari.

Kutoka usharikani humo ilitoka barua ya maombi ya mwisho wa mwaka 1799, iliyolitaka Bunge la Marekani lizuie biashara ya watumwa na ukatili wa kuwakamata watu weusi kwa kisingizio cha kuwa watoro. Jina la Forten limo kati ya waliotia sahihi. Wabunge 85 walikataa kuliunga mkono jambo hilo, na mmoja tu, George Thacher wa Massachusetts, alikuwa upande mwingine. Forten alimwandikia kumshukuru. Alijua kushukuru hata kwa kura moja.

Sasa tuone lile ambalo mstari wa kitabu cha anwani hauwezi kutuambia. Kitabu kinasema alishona matanga. Hakisemi alikataa kuyashona kwa ajili ya nani. Meli za watumwa nazo zilihitaji matanga, na wenye meli hizo walilipa vizuri. Forten anakumbukwa kuwa hakukubali kazi yao. Kitabu hakisemi kwamba katika karakana ile watu weusi na weupe, hata kufikia kama 40 siku za kazi nyingi, walikaa sakafu moja na kushona tanga moja, katika mji ambao kwingine hawakuketi pamoja. Wala hakisemi kwamba mwenye karakana alijitosa mara kadhaa katika Mto Delaware kuwaokoa watu waliokuwa wakizama. Kwa ajili ya watu wanne aliowaokoa, chama cha mji cha kuokoa maisha kilimpa hati ya heshima mwaka 1821, naye akaitunza.

Alipata utajiri. Katika uzee wake mali yake ilikadiriwa kufikia dola 100,000, na fedha ile ilikuwa nyingi mno kwa siku zile. Alikuwa na nyumba za kupangisha na alikopesha fedha kwa riba. Hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa mfanyabiashara, na aliyajua mahesabu. Lakini fedha zake zilikuwa na njia nyingi za kutokea. Mwishoni mwa mwaka 1830, William Lloyd Garrison alipokuwa akijiandaa kutoa gazeti la kupinga utumwa, The Liberator, Forten alimpelekea dola 54 kwa ajili ya wasomaji 27, kabla toleo la kwanza halijatoka. Aliendelea kulisaidia kila lilipoelemewa na madeni. Mkewe Charlotte na binti zake Margaretta, Harriet na Sarah walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanawake wa Philadelphia cha kupinga utumwa mwaka 1833.

Liko pia jambo ambalo alisikiliza kabla ya kuamua. Mwishoni mwa mwaka 1816 palianzishwa chama cha kuwahamishia watu weusi huru barani Afrika. Forten mwenyewe alikuwa rafiki wa nahodha mweusi Paul Cuffe, aliyewapeleka watu 38 Sierra Leone, naye hakuona ubaya mtu kwenda kwa hiari yake. Januari 1817 watu weusi wapatao 3,000 walikusanyika katika kanisa la Bethel, Forten akiwa mwenyekiti. Walipoulizwa nani anataka kuhamishwa, hakuna aliyesema ndiyo. Walipoulizwa nani anakataa, sauti yao ilitikisa jengo. Mwenyekiti alikubali kuongozwa na watu wake, na kwa miaka yote iliyobaki alikuwa mpinzani mkubwa wa mpango ule. Hoja yao ilikuwa wazi: watu huru wakiondolewa, nani atawasemea walio utumwani?

Miaka yake ya mwisho haikuwa rahisi. Mwaka 1834 palikuwa na ghasia mjini, na mmoja wa wanawe alishambuliwa njiani. Mwaka 1838 jambo mbili zilitokea katika mji uleule. Chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania kilipiga chapa daftari la kazi za watu weusi wa Philadelphia, kikionyesha washonaji, maseremala, mafundi viatu, vinyozi na wengine wengi, ili kuthibitisha kwamba walikuwa raia wenye manufaa. Na katika mwaka huohuo katiba mpya ya jimbo ikawanyima watu weusi haki ya kupiga kura. Forten alikuwa amelipa kodi kwa miaka 40. Katika miaka ya 1820 wafanyakazi wake weupe walipiga kura kwa kumfuata yeye, wakamchagua mbunge aliyemtaka, Samuel Breck, na yeye tajiri wao hakupiga. Sasa sheria ilisema wazi kwamba fundi aweza kupiga kura, bali mwenye karakana hawezi.

James Forten alifariki tarehe 4 Machi 1842, akiwa na umri wa miaka 75. Maelfu walifuata jeneza lake, weusi na weupe pamoja, wakiwamo manahodha na wafanyabiashara wa gatini. Wanawe hawakuweza kuidumisha biashara kwa muda mrefu, na jina la mshona matanga wa magatini likatoweka katika vitabu. Lakini mjukuu wake, Charlotte Forten, alikwenda mwaka 1862 katika visiwa vya South Carolina, vita vikiwa vingali vikipiganwa, kuwafundisha kusoma na kuandika watu waliotoka utumwani. Na mwaka 2023, katika jumba la makumbusho la vita vya uhuru mjini Philadelphia, maonyesho makubwa yalihusu jamaa yake.

Tumejifunza nini? Mstari mmoja katika kitabu kikuukuu ni kitu kidogo. Walakini bila mistari ile, mwaka baada ya mwaka, mtu mwenye chuki angeweza kusema kwamba hadithi ya fundi mweusi aliyewaajiri wazungu ni porojo. Kitabu kinamjibu: alikuwapo, mahali hapa, katika nambari hii, akifanya kazi hii.

Nasi katika mitaa yetu tunavyo vitabu vya ubatizo, vya Kipaimara, vya ndoa na vya maziko. Mara nyingi tunaviona kama kazi ya katibu tu. Tunawaomba wazee wa kanisa wavitunze mahali pakavu, wavilinde na mchwa, na waandike majina kamili, na kazi ya mtu, na kijiji chake, kwa wino usiofutika. Wala pasiwe na jina lenye alama ya kumpunguza mwenzetu, iwe kwa kabila, kwa umaskini au kwa kuzaliwa. Siku moja mjukuu wa mtu atakuja kutafuta mstari mmoja.